“Menyu inasema shata 312”: kabla hujatuma hela ya Canon 5D Mark II ya mtumba

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Tanga, nina miaka 24, napiga picha kwa simu mwaka wa pili sasa: mahafali, kitchen party na harusi ndogo ndogo. Nimeweka akiba ya 1,500,000. Kuna mpiga picha yuko Dar anauza Canon 5D Mark II pamoja na lenzi ya 24-105 kwa 1,400,000. Anasema anahamia kwenye kamera za kisasa zisizo na kioo. Amenitumia picha ya menyu, hesabu ya shata (pazia linalofunguka kila ukipiga picha) imeandikwa 312, yaani kamera ni kama mpya. Anataka nimtumie hela kwa simu, yeye aiweke kwenye basi. Hapa Tanga kuna duka wana Canon 600D na lenzi ya 18-55 kwa 650,000, ila hawajui imepiga picha ngapi. Nimeambiwa kamera ikifikisha picha 150,000 inakufa, ndiyo maana hii ya 312 imenivutia. Rafiki yangu naye ananicheka, anasema zote ni za zamani, hata simu yangu inazizidi megapikseli. Na wateja siku hizi wanataka na video. Ninunue ipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwanza shika hela yako, usitume kitu. Nikikusoma vizuri, wasiwasi wako ni mmoja: usije ukamaliza akiba ya miaka miwili kwenye kamera iliyochoka. Ni wasiwasi wa haki kabisa. Ila umeuegemeza kwenye namba isiyohusika, kwa hiyo tuanze na hiyo 312.

Kwenye 5D Mark II kuna ukurasa wa menyu unaoonyesha habari za betri. Utaona aina ya betri, LP-E6, asilimia ya chaji iliyobaki, hesabu ya shata, na chini yake vijumba vitatu vinavyoonyesha kama betri bado inashika chaji vizuri. Hesabu hiyo ni ya picha zilizopigwa tangu betri hiyo ilipochajiwa mara ya mwisho. Ukiichomeka kwenye chaja ikajaa, inarudi sifuri. Ni kama ile namba ya safari kwenye dashibodi ya gari, unayoweza kuifuta kila ukijaza mafuta, wakati kilometa zote ambazo gari limetembea zimeandikwa mahali pengine. Kwa hiyo alichokuonyesha muuzaji ni kwamba amepiga picha 312 tangu achaji betri. Kamera yenyewe inaweza kuwa imepiga 20,000 au 220,000, menyu hiyo haisemi.

Simwiti mwizi. Wapiga picha wengi, hata wa siku nyingi, wanaisoma namba hiyo vibaya. Lakini jiulize mwenyewe: 5D Mark II ilitangazwa Septemba 2008, na Mark III ikaja Machi 2012. Kamera ya mtu wa kazi, yenye umri huo, iwe imepiga picha 312 tu? Harusi moja inamaliza hizo kabla ya keki kukatwa.

Namba halisi ipo, imehifadhiwa ndani ya kamera, ila Canon hawaionyeshi kwenye menyu wala hawaiandiki ndani ya picha. Kuipata unahitaji laptopu, kebo ya USB ile ya kichwa kidogo cha zamani (mini, si ile micro iliyokuwa ya simu nyingi), na mojawapo ya programu zinazoweza kuzungumza na kamera za Canon. Kazi ya dakika chache. Mafundi wengi wa kamera wanazo, na muuzaji asiye na la kuficha hatakataa. Usidanganyike pia na namba za majina ya faili. IMG_0450 haina maana ni picha ya mia nne na hamsini. Ikifika 9999 hesabu inaanza upya, na mtu anaweza kuirudisha mwanzo muda wowote kwenye menyu. Kwa Nikon mambo ni mepesi zaidi: hesabu inaandikwa ndani ya kila picha. Siku ukinunua Nikon, mwambie muuzaji apige picha moja hapo hapo akutumie faili lenyewe kwa WhatsApp kama dokumenti. Akituma kama picha ya kawaida, WhatsApp inalibana faili na kufuta taarifa hizo zote.

Sasa hilo la kufa ikifika 150,000. Canon walisema shata ya 5D Mark II imepimwa kuhimili mara 150,000, na ile ya 600D mara 100,000. Hicho ni kipimo cha kiwandani. Hakuna saa ndani ya kamera inayosubiri ifike hapo izime. Zipo zinazopita namba hiyo kwa mbali sana, na zipo zinazokufa kabla ya nusu yake. Nitakueleza kwa nini, maana ukielewa kinachotokea ndani utajua cha kupima.

Ndani ya kamera ya aina hii kuna kioo kilichoinama nyuzi 45 nyuma ya lenzi. Mwanga unaoingia unagonga kioo, unapanda juu, unapinda kwenye prizimu (au vioo vinavyofanya kazi yake), unafika jichoni pako. Ndiyo maana unaona kile kile lenzi inachokiona, hata kamera ikiwa imezimwa. Katikati, kioo hicho kinapitisha mwanga kidogo, nyuma yake kuna kijikioo kingine kinachoushusha chini kwenye kipimio cha fokasi. Ukibonyeza kitufe, vioo vyote viwili vinaruka juu, pazia la kwanza la shata linafunguka, sensa (kile kinachopokea picha mahali pa filamu) inapata mwanga, pazia la pili linafuata kufunga, vioo vinarudi chini. Yote hayo ni vyuma vidogo, springi na mota. Vinachoshwa na idadi ya picha, ni kweli, lakini pia vumbi, chumvi ya baharini, kuanguka, na kukaa kabatini miaka mitatu bila kutumika. Kamera yenye 90,000 iliyotunzwa na mtu anayeifuta kila Jumapili jioni naiamini kuliko ya 15,000 iliyokaa ndani ya begi la unyevu.

Shata iliyochoka ina dalili unayoweza kuiona kwa macho. Kwa kasi kubwa, tuseme 1/8000 ya sekunde kwenye 5D au 1/4000 kwenye 600D, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua. Kinachopita mbele ya sensa ni ufa mwembamba wa mwanga. Mapazia yakiwa sawa, ufa unabaki na upana ule ule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Pazia moja likichelewa, ufa unapanuka au kuminywa njiani, na picha inatoka na upande mmoja mweusi kuliko mwingine. Piga anga jeupe la mchana kwa kasi hiyo mara kumi mfululizo, uzipitie zote kwenye skrini. Ukiona hata moja ina mstari au kiza upande mmoja, hiyo kamera inadai shata mpya. Na hapo ndipo umri unapouma: 5D Mark II haitengenezwi tena tangu zamani, vipuri vipya ni adimu, na shata ya kutoa kwenye kamera iliyokufa pamoja na ufundi inaweza kula sehemu kubwa ya bei ya kamera nzima.

Rafiki yako na megapikseli zake yuko sahihi kwa namba, amekosea kwa maana. 5D Mark II ina megapikseli 21, 600D ina 18, na simu nyingi leo zinatangaza 50 au 108. Ila sensa ya 5D ina ukubwa wa milimita 36 kwa 24, sawa na filamu ya zamani, na ya 600D ni kama milimita 22 kwa 15. Sensa ya simu ni ndogo mno mbele ya hizo zote mbili. Sensa kubwa inakusanya mwanga mwingi zaidi, na mwanga ndiyo picha. Lakini nisikufiche: simu za sasa zinapiga picha kadhaa kwa mfululizo wa haraka na kuziunganisha kwa hesabu, ndiyo maana usiku zinafanya vizuri kuliko unavyotarajia kwa sensa ndogo hivyo. 5D haikusaidii kwa lolote hapo. Inakupa faili moja, na ukiling'ang'aniza kuangaza sehemu za giza sana kwenye kompyuta, utaona vijistari vya rangi vinajitokeza. Ni udhaifu unaojulikana wa sensa hiyo. Utakachopata ambacho simu haikupi ni lenzi halisi, fleshi unayoigeuza utakavyo, na faili la RAW, yaani picha mbichi ambayo kamera haijaichakata, lenye nafasi ya kusahihisha rangi ya ngozi chini ya taa za ukumbini. Kwa picha za bwana na bibi harusi waliosimama, mwanga wa saa kumi na moja jioni, 5D Mark II bado inatoa picha ambayo hakuna mteja atakayeuliza ni ya mwaka gani.

Kwenye dili hii, macho yako yamekwama kwenye bodi (kamera yenyewe bila lenzi) wakati sehemu kubwa ya thamani, na sehemu kubwa ya hatari, iko kwenye lenzi.

Hiyo 24-105 ya f/4 (hicho ni kipimo cha tundu la lenzi, namba ikikua tundu linapungua), kama ni ile ya kwanza iliyotoka mwaka 2005, ni lenzi nzuri sana ya harusi. Ina ugonjwa mmoja ambao mafundi wanaufahamu: ndani yake kuna mkanda mwembamba wa nyaya unaopeleka amri kwenye majani ya tundu la lenzi. Kila ukizungusha zumu, mkanda huo unajikunja na kujikunjua. Baada ya miaka unakatika kidogo kidogo. Hapo unaweza kupiga f/4 siku nzima bila tatizo, maana kwenye f/4 majani hayatembei. Ukiweka f/8 tu, kamera inakwama na kuandika Err 01, ikidai usafishe vishikizo vya lenzi. Utavisafisha mpaka vimetemete, na kosa litabaki pale pale. Mara nyingi linaanzia upande wa 24, yaani zumu ikiwa pana kabisa, kwingine lenzi inafanya kazi, ndiyo maana mnunuzi anayejaribu picha mbili tatu dukani hagundui.

Kwa hiyo weka f/11, weka zumu kwenye 24, piga. Nenda 35, piga. 50, 70, 105, halafu rudi tena hadi 24 ukipiga. Ukiwa bado kwenye f/11, shika kile kitufe kidogo kilicho mbele ya bodi, chini ya kitufe cha kufungulia lenzi. Ukichungulia utaona picha inakuwa na giza kwa sababu majani yamejifunga. Kikishikwa, zungusha zumu taratibu. Err 01 ikijitokeza, rudisha lenzi kwenye begi lake na uzungumze bei ya bodi peke yake.

Baada ya hapo toa lenzi, fungua kifuniko cha nyuma na cha mbele, washa tochi ya simu uimulike kutokea nyuma huku ukichungulia kwa mbele, ukiinamisha inamisha. Vumbi la hapa na pale usilijali, kila lenzi ya mtumba inalo na halionekani kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama mizizi, kwa kawaida zikianzia ukingoni mwa kioo. Hiyo ni fangasi. Pwani yetu, kuanzia Tanga, Unguja hadi Mombasa, hewa yake ndiyo inayoipenda. Ikianza inasafishika, ikikaa inakula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo, na hapo hata ikifutwa alama inabaki. Lenzi yenye fangasi usiichukue hata kwa bei ya kutupa ukaja kuiweka begi moja na lenzi nyingine.

Kwenye bodi, nakushauri utumie muda mahali ambapo wanunuzi wengi hawatazami: mlango wa kadi. 5D Mark II haitumii kadi za SD. Inatumia CompactFlash, zile kubwa nene, na ndani kabisa ya tundu lake kuna vipini 50 vyembamba vilivyopangwa mistari miwili. Mtu akiisukuma kadi kwa pembeni mara moja tu, kipini kinalala. Mulika tochi ndani, tazama mistari yote miwili imesimama sawasawa. Kisha ingiza kadi, na iingie bila kulazimishwa, piga picha, itoe, iingize tena. Kipini kilichopinda kinaweza kunyooshwa na fundi mwenye mkono mtulivu, lakini kikikatika ni kazi ya kufungua kamera yote.

Kisha angalia kadiri utakavyoweza skrubu. Zile za kwenye pete ya lenzi na za chini ya bodi: vichwa vikiwa vimechubuka, kamera imeshafunguliwa na mtu, na una haki ya kuuliza ilifunguliwa kwa nini. Ukiona kutu, au unga wa kijani kwenye vishikizo vya betri, kamera imenyweshwa maji au imekaa karibu na bahari bila kufutwa. Hapo mimi huondoka bila hata kuulizia bei. Mpira wa kushikia ukiwa umelegea, au nembo zimefutika, hiyo ni sura tu. Tumia kama sababu ya kuomba punguzo.

Sensa inapimwa kwa picha. Weka f/22, ISO 100, elekeza kwenye ukuta mweupe au anga, fokasi iwe imevurugika makusudi, piga, kisha ukuze picha kwenye skrini ukiipitia kona hadi kona. Madoa ya kijivu ya mviringo ni vumbi, linasafishika. Mstari mkali uliochongoka usiohama baada ya kusafisha ni mkwaruzo, na huo haufutiki. Madoa unayoyaona ukichungulia, ambayo hayatokei kwenye picha, yako kwenye kioo cha juu na hayana madhara. Watu wengi wanakataa kamera nzima kwa ajili ya hayo.

La mwisho kupima ni fokasi. Tandika futi ya fundi nguo mezani, isimame mshazari kuelekea mbali nawe, chagua nukta ya katikati, lenga sentimita 50 kwa tundu lililo wazi kabisa, piga. Halafu lenga tena kwa kutumia skrini badala ya kuchungulia, fokasi ikiwa kwenye Live mode, si Quick mode. Ukitumia skrini kamera inasoma ukali kwenye sensa yenyewe, kwa hiyo haiwezi kukosea mbele wala nyuma. Ukichungulia inategemea kile kipimio cha chini nilichokutajia. Picha ya skrini ikiwa kali kwenye 50 na ya kuchungulia ikawa kali kwenye 48, kipimio na lenzi havijapatana. 5D Mark II ina menyu ya kurekebisha hilo mwenyewe. 600D haina, ingekubidi uende kwa fundi.

Tukiwa bado hapo, linganisha namba ya kiwanda iliyo chini ya bodi na ile iliyoandikwa ndani ya picha. Kompyuta yoyote yenye programu nzuri ya picha itakuonyesha. Zikitofautiana, kitako kimebadilishwa. Jina la mmiliki likisomeka la mtu mwingine, muulize muuzaji kwa upole. Anaweza kuwa aliinunua naye mtumba, na kwa kawaida mtu aliyenunua kwa halali ana karatasi, au walau ujumbe wa zamani wa malipo. Mkiafikiana mwandikiane, namba ya kamera na ya lenzi ziwemo. Dukani dai risiti ya EFD.

Sasa ipi? Hizo mbili ulizonitajia, kwa kazi uliyonieleza, mimi sizipi nafasi ya kwanza hata moja. Sababu yangu ni video. 5D Mark II ndiyo iliyowafundisha watu wa filamu kutumia kamera za picha, mwaka 2010 kipindi kizima cha tamthilia ya House ya Marekani kilirekodiwa nayo. Lakini walikuwa na mtu wa kuzungusha fokasi kwa mkono na taa zimepangwa. Wewe utakuwa peke yako, bibi harusi anakuja anacheza kuelekea kwako, na kamera haitamfuata. Wala 600D haitamfuata. 5D pia inakata yenyewe video ikifika 4GB, sawa na dakika kama 12, na skrini yake haipindi. 600D walau skrini inapinda.

Kwa hiyo tafuta Canon 70D, ya mwaka 2013. Hii ndiyo Canon ya kwanza kupewa sensa ya Dual Pixel, inayofanya fokasi kwenye pikseli zenyewe, kwa hiyo kwenye video inamfuata mtu kwa utulivu, unagusa uso kwenye skrini na inashika. Ukichungulia ina nukta 19 za fokasi, zote za msalaba (zinazosoma mistari ya wima na ya mlalo), wakati 5D na 600D zina tisa na ya msalaba ni ile ya katikati tu. Ukumbini taa zikizimwa utaona tofauti hiyo kuliko utakavyoona tofauti ya ukubwa wa sensa. Inatumia kadi za SD, betri ni LP-E6 ile ile. Utapoteza kitu, sikatai: kwenye giza sensa ya 5D ni safi zaidi kidogo, na ule ukungu laini wa mandhari nyuma ya mtu unapatikana kirahisi zaidi kwenye sensa kubwa. Ukiongeza fleshi, mteja hatajua.

Njia ya pili, kama moyo wako umeshaenda kwa 5D: inunue kwa picha tu, na video endelea kuchukua kwa simu yako, ambayo kwa kazi hiyo ni bora kuliko 5D. Sio aibu, wapo wanaofanya hivyo na wanalipwa. Ila bei hiyo haikufai. Ukitoa 1,400,000 utabaki na laki moja, na 5D haina fleshi ya ndani. Utahitaji fleshi ya juu, betri ya pili, kadi mbili za CompactFlash na kisomeo chake kwa sababu laptopu na simu yako hazina tundu hilo. Kata hesabu hiyo kwanza kwenye 1,500,000, kinachobaki ndiyo bei yako. Na betri utakazopewa nazo, tazama vile vijumba vitatu: kikibaki kimoja chekundu, hiyo betri hesabu haipo. Nyingi za kuiga hata hazionyeshi taarifa hizo.

Ile 600D ya dukani ni kamera ya kujifunzia, ni nafuu, na faida yake kubwa ni kwamba iko Tanga, unaweza kuishika leo. Kama watakubali 500,000 na kukupa wiki moja ya kurudisha, hela inayobaki ukanunua lenzi ya 50mm f/1.8 na fleshi, utapiga picha za harusi nzuri kuliko mwenye 5D asiye na fleshi. Kumbuka tu kwamba ile 18-55 ni ya sensa ndogo, haitaingia kwenye 5D hata siku moja, lakini 50mm itaingia kote. Usishangae ukiikuta 600D imeandikwa Kiss X5 au Rebel T3i, ni kamera hiyo hiyo, jina la Japani na jina la Marekani.

Usiogope kwamba kamera za kioo zimepitwa. Ni kweli Canon na Nikon tangu 2018 nguvu zao zimehamia kwenye zisizo na kioo, na ndiyo sababu watu wa Dar wanauza hizi kwa bei tunazozimudu. Lenzi zako za EF, yaani za kamera hizi za Canon zenye kioo, hazitapotea. Kuna kiunganishi cha Canon kinachozifunga kwenye kamera mpya za RF, zile zisizo na kioo, na fokasi inafanya kazi kama kawaida. Ndiyo maana nakwambia, ukiwa na hela ya kuongeza, iongeze kwenye lenzi.

Hilo la basi sahau. Vipimo vyote nilivyokuandikia vinataka kamera iwe mkononi. Nauli ya kwenda Dar na kurudi ni ndogo sana ukilinganisha na hasara. Kama huwezi kwenda, mtafute mpiga picha unayemwamini kule, umlipe muda wake, aende nayo kwa fundi mwenye duka linalojulikana. Na kuna vitu usijaribu kuvimaliza mwenyewe: kusafisha sensa kwa kitambaa, kunyoosha vipini vya kadi, kufungua lenzi yenye fangasi. Hayo mpelekee fundi, na mwombe akuoneshe kamera kabla na baada.

Ukishaishika, fanya hivi: picha tatu, moja ya anga kwa 1/8000, moja ya ukuta mweupe kwa f/22, na moja ya ile futi. Nitumie mafaili yenyewe kama dokumenti kabla hujalipa, pamoja na hesabu ya shata iliyosomwa kwa kebo, nikuambie nionavyo.